Hapana ya Mwalimu Halkano

Katika mji wa Isiolo wapo watu ambao hawajawahi kumaliza kusoma kitabu kimoja, lakini wana kipaji cha kumpa mtu jina la kejeli na kulitunza jina hilo vizuri kuliko wanavyowatunza watoto wao. Hao ndio waliomwita Mwalimu Halkano Jillo "No Sa". Walimwita hivyo akipita sokoni, walimwita hivyo akitoka msikitini, na wengine, kwa kukosa haya, waliwafundisha watoto wao wamwite hivyo kutoka nyuma ya ua. Ukiwauliza jina lilitoka wapi, watakuambia kwamba mkaguzi alikuja chuoni, akawauliza wanafunzi kama Halkano anafundisha, nao wakasema hapana. Hiyo ni nusu ya habari, na hata nusu hiyo waliisikia wakiwa dirishani wakitafuna miraa. Habari yenyewe ni hii.

Halkano alizaliwa Korbesa, mwana wa mzee Jillo, mtu aliyekuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Vita na shida za miaka ya sitini ziliwamaliza wale ng'ombe, na mzee akabaki na mali moja tu ambayo hakuna mtu angeweza kuifukuza kisimani wala kuipiga risasi: mwana aliyesoma. Lori lililotoka Merti, jirani na Korbesa, halikupita bila kuleta kibuyu cha samli cha Halkano, na dereva aliagizwa aseme kwa sauti, mbele ya watu, "Hii ni ya yule mwana wa Jillo anayefundisha Kiingereza." Kwa hiyo asidhani mtu kwamba Halkano aliposimama mbele ya ubao alisimama peke yake. Ukoo mzima ulisimama pale, wengi wao wakiwa hawajui hata herufi moja.

Chuo cha ufundi kilipofunguliwa mjini, katikati ya miaka ya sabini, kilikuwa mabati, vumbi na matumaini. Kilifundisha umekanika, useremala, uashi na ushonaji. Walimu wa Kiingereza wenye shahada walipangiwa kuja, na kila mmoja wao aliugua ghafla alipoonyeshwa Isiolo kwenye ramani. Basi akachukuliwa Halkano kutoka shule ya msingi, akaambiwa afundishe Kiingereza cha ufundi. Akapewa kitabu kimoja, nakala moja, kilichohusu familia ya Kizungu iliyokwenda matembezini na mbwa wao. Alikisoma mara moja, akakiweka juu ya kabati, na hapo kilikaa hadi mchwa walipokihitaji.

Uani mwa chuo kulikuwa na lori bovu lisilo na magurudumu, likiwa juu ya magogo, lililotolewa na mfanyabiashara mmoja ambaye alishindwa kumpata mtu wa kulinunua hata kama vyuma vikuukuu. Halkano alifanya lori hilo kuwa kitabu chake. Alilala chini yake na shati lake jeupe, wanafunzi wakalala pembeni yake, na kila kitu walichokigusa walikitaja.

"Hii ni nini?"

"Sentabolti, Mwalimu."

"Hiyo ni sentabolti ya gereji. Ya mtihani ni maneno mawili, centre na bolt, na kila moja lina heshima yake. Yaandike."

Waliandika kwa chaki kwenye vyuma. Kiugu, mwalimu wa umekanika, Mmeru wa milima ya Nyambene na rafiki yake wa dhati, alikuwa akisimama na kucheka. "Wewe Mwalimu, siku moja utaniambia spana zangu zinaitwa kwa jina la Kikristo."

Halkano hakuamini mtihani wa mdomo. Alisema mdomo ni mwongo, unajua kuitikia tu. Alipotaka kujua kama mwanafunzi ameelewa Kiingereza, alimpa amri kwa Kiingereza: legeza nati mbili, ya tatu usiiguse. Halafu alitazama mikono. Aliyegusa ya tatu alirudi mwanzo, hata kama alikuwa na sauti nzuri kama mtangazaji wa redio. Wasichana wa ushonaji nao aliwapa yao: pinda hapa, hapa usipinde, kata chini ya alama na si juu yake. Aliita jambo hilo kukagua kwa mkono. Katika mtihani wa ufundi wa serikali, ambao maswali yake yote yaliandikwa kwa Kiingereza, vijana wake walifaulu, na wale waliowahi kuwaita wachunga mbuzi walianza kuwaletea magari yao.

Kisha, mwezi wa Julai mwaka wa 1979, upepo ukiwa umebeba nusu ya mji hewani, akaja Bwana Zachary Ntongai.

Bwana Ntongai alikuwa mkaguzi wa ufundishaji wa Kiingereza katika vyuo vya ufundi. Alikuja kwa Land Rover, na soksi zake zilikuwa zimevutwa hadi magotini. Aliwahi kupelekwa Uingereza kwa mafunzo ya miezi michache, akarudi na Kiingereza cha puani, kama mafua yaliyokataa kupona. Alizaliwa Meru, mwendo mfupi tu kutoka Isiolo, lakini aliposhuka alitazama vumbi kama mtu ambaye hajawahi kuliona, akaliuliza kwa Kiingereza kama huwa hivyo kila siku. Mkuu wa chuo, mtu aliyesimama wima kila alipoona Land Rover ya serikali hata ikiwa tupu, alijibu kwa niaba ya vumbi. Aliomba radhi.

Ukaguzi ulianza na makaratasi. Maazimio ya kazi yako wapi? Yapo. Andalio la somo? Lipo. Mbona ubao hauna tarehe? Kwa sababu somo la leo liko uani, Bwana, chini ya lori. Bwana Ntongai alitazama kwanza uani, ambako jua lilikuwa likichoma, kisha akatazama mkono wa shati la Halkano.

"Mwalimu wa Kiingereza ana grisi?"

"Ni Kiingereza cha ufundi, Bwana."

"Kiingereza ni Kiingereza," alisema Bwana Ntongai, na akaamuru wanafunzi watolewe chini ya lori, waketi kwenye madawati kama watu. Hakupiga hata hatua moja uani. Kisha akamwambia Halkano atoke nje ili wanafunzi wawe huru kusema.

Halkano alitoka. Alisimama ukutani, chini ya dirisha lisilo na kioo, na Kiugu akaja kusimama naye. Walisikia kila kitu. Bwana Ntongai aliuliza kwa Kiingereza, na maswali yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Kwa hiyo mwalimu wenu hakuwafundisha kanuni za usalama?"

"No, sa!" darasa zima likajibu.

Halkano akatabasamu. Akamgusa Kiugu begani. "Unasikia?"

"Nasikia. Wanakataa kabisa."

"Wala hakuwafundisha kuandika maelezo ya kazi?"

"No, sa!" Safari hii bati la paa lililia. Sauti ya Gatakaa, msichana wa ushonaji ambaye hakupenda kuonewa na mtu yeyote, ilipanda juu ya sauti za wengine wote.

"Yule msichana atamla mtu," alisema Kiugu kwa furaha.

"Na vitabu? Hamna vitabu?"

Hapo darasa lilipoa. "Yes, sa," walisema kwa unyonge.

"Angalau la vitabu amelijua," alisema Halkano. "Pengine watatuletea."

Saa sita ilipofika, hakuna aliyeuliza mgeni atakula wapi. Mgeni wa serikali haachwi azunguke hotelini na nzi, na nyumba ya mwana wa Jillo haikuwa mbali. Mkewe, Madina, alikuwa amesoma sekondari ya wasichana katika zama ambazo wasichana wa Isiolo waliosoma sekondari wangetosha kuketi kwenye mkeka mmoja na kubakiza nafasi. Alimpokea mgeni mlangoni mwenyewe.

"Karibu, Bwana. Karibu sana. Njiani hukupata kitu cha kula?"

"Ndiyo, mama," alisema Bwana Ntongai, akishika tumbo. "Tangu Embu ni maji tu."

Madina aliandaa. Bwana Ntongai alikula ini la mbuzi lililokaangwa kwa samli ya Korbesa, akala wali, akala nyama, akaongezwa bila kuomba, akanywa chai ya maziwa ya ngamia na kusema kwamba Uingereza viazi huchemshwa bila chumvi. Alinawa, akachukua kijiti cha meno mezani, akashukuru. Watu wakaagana vizuri.

Kijiti hicho alikuwa bado anacho mdomoni alasiri, ofisini kwa mkuu wa chuo, alipomsomea Halkano matokeo ya ukaguzi.

"Mwalimu hafundishi. Si mimi ninayesema. Wanafunzi wenyewe wamekiri, kwa sauti moja, na nyingine niliisikia kutoka kwa msichana, kali sana. Kesho nitasoma haya mbele ya bodi, na nitapendekeza uondolewe. Nakala ya makao makuu imekwisha kwenda na posta."

Halkano alikuwa ameyasikia majibu yale kwa masikio yake mawili, na ameyafurahia. Alitoka, akaenda moja kwa moja uani, akawakuta wanafunzi wakimsubiri na nyuso za washindi.

"Mlimwambia nini yule Bwana?"

"Tulikutetea, Mwalimu!" alisema Gatakaa. "Alisema hukutufundisha. Tukasema no! Mimi nilisema hadi koo likauma."

"Mlisema no."

"No kabisa, Mwalimu. Tungekubalije?"

Halkano aliketi kwenye bampa ya lori. Aligeuza jambo lile huku na huku, na kila alipoligeuza aliliona sawa. Mtu amesema uongo juu ya mwalimu wako, umesema hapana. Hapo kosa liko wapi? Alienda nyumbani na swali hilo, Kiugu akimfuata kama mtu anayerudi kutoka makaburini.

Madina alisikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha meza mkononi. Alipoelewa, hakucheka, ingawa haikuwa rahisi.

"Baba Ado, aliwauliza, 'Hakuwafundisha?' Wao wakasema no. Kwa Kiingereza, no hiyo maana yake hakuwafundisha."

"Maana yake wamekataa!"

"Kwetu, ndiyo. Sisi tunamjibu mtu. Yeye akisema uongo, tunamwambia hapana. Waingereza hawamjibu mtu, wanalijibu jambo lenyewe. Jambo lipo, yes. Jambo halipo, no. Aliyeuliza ameuliza vipi, hawana habari naye. Mimi shuleni nilikosa uji asubuhi nzima kwa neno hilo. Mama mkuu, Mzungu, aliniuliza kama sitaki uji, nami nikasema no kwa nguvu zote, kwa sababu nilikuwa nautaka."

Halkano alivuta kiti, akaketi. "Na mimi nimefundisha miaka yote hii sikuliona."

"Ungelionaje na wewe unasema hivyo hivyo? Juzi nilikuuliza kwa Kiingereza kama hujaona miwani yangu. Ukasema yes. Nikanyoosha mkono unipe."

Kiugu alianza kucheka, kisha akapiga paja lake. "Ngoja! Ngojeni kwanza. Mama Ado, wewe ulimwuliza nini yule Ntongai hapo mlangoni?"

"Nilimwuliza njiani hukupata kitu cha kula."

"Akasema?"

"Akasema ndiyo."

"Akasema ndiyo, halafu akala kama trekta!" Kiugu alisimama. "Kwa hesabu yake alikuwa ameshiba! Mwalimu, kesho ni hiyo hiyo. Simama mbele ya bodi, uwaulize: huyu Bwana alipoulizwa hukula, alisema ndiyo, kwa nini basi alimaliza ini lote? Watamtoa pale kwa vicheko."

Halkano aliona. Aliona bodi ikicheka, aliona soksi ndefu zikitoka mlangoni, aliona lori la Merti likileta samli kama kawaida. Kisha akamtazama mkewe.

"Kiugu, ndugu yangu," alisema Madina, na sauti yake haikupanda. "Chakula kilichotoka jikoni kwangu hakiitwi kutoa ushahidi. Mgeni amekula, amenawa, basi. Habari yake imekwisha pale kwenye birika."

"Hata kama mgeni mwenyewe anamfukuza mumeo kazi?"

"Hata hapo. Hiyo ni aibu yake. Usitake na sisi tuwe nayo."

Kiugu alimgeukia Halkano kwa matumaini. Lakini Halkano alikuwa mtoto wa Korbesa. Alimjua mtu mmoja kule aliyewahi kumkumbusha mgeni maziwa aliyompa, na mtu huyo alikufa, wanawe wakazeeka, na bado nyumba yake ilitajwa kwa jambo hilo. "Amesema kweli," alisema. "Nikifukuzwa, watasema mwana wa Jillo hakujua Kiingereza. Hilo baba yangu angeweza kulivumilia, hata yeye hakukijua. Lakini wakisema nyumba ya Jillo inahesabia wageni matonge, hapo hatuna uso."

Asubuhi bodi ilikutana katika karakana ya useremala, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na viti. Mwenyekiti alikuwa Mzee Hersi Dualeh, mfanyabiashara wa mifugo, mtu mwenye ndevu zilizotiwa hina na subira fupi. Kila mwaka Mzee Hersi aliomba vitabu kwa ajili ya chuo, na kila mwaka alijibiwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Dirishani walikuwa wamejaa wale wale wasio na kazi, mashavu yakiwa yamevimba miraa, wamekuja kumwona mtu mwenye shati jeupe akivuliwa heshima. Kwao hiyo ni sinema, na haina kiingilio.

Bwana Ntongai alisoma taarifa yake kwa Kiingereza, kutoka mwanzo hadi mwisho, kupitia puani. Wajumbe walitikisa vichwa kwa hekima, kama wanavyofanya watu wazima wasiotaka kuonekana hawajaelewa. Alipofika pale wanafunzi walipojibu "No, sir", alilisema kwa sauti ya darasa zima, na dirisha likaangua kicheko. Wakaondoka hapo hapo kwenda kulitangaza sokoni.

"Sasa tuambie kwa Kiswahili," alisema Mzee Hersi. "Sisi hatukwenda Uingereza."

"Kwa ufupi, Mwenyekiti, mwalimu huyu hafundishi."

Halkano aliomba ruhusa, akasimama. Alieleza jambo la no na yes kama mkewe alivyolieleza, polepole, kwa heshima. Aliongeza, "Hili moja sikuwafundisha, na nalikubali, kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua. Yote mengine nimewafundisha."

Bwana Ntongai alicheka kidogo. "Mwenyekiti, hivi ni visingizio vya sarufi. Ndiyo ni ndiyo na hapana ni hapana, kwa Mwingereza na kwa kila mtu mwenye akili."

Kiugu alimkanyaga Halkano mguu chini ya meza. Alimkanyaga tena. Halkano alimtazama Bwana Ntongai, akalitazama tumbo lake lililojaa kifungua kinywa cha mtu mwingine leo, na ini likaja hadi kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Akaketi.

"Na tena," aliendelea Bwana Ntongai, akiwa amepata nguvu, "hana hata kisingizio cha vifaa. Taarifa inasema wazi kwamba chuo kina vitabu vya kutosha."

Mzee Hersi alikuwa akichana ndevu kwa vidole. Vidole vilisimama.

"Kina nini?"

"Vitabu, Mwenyekiti. Vya kutosha."

"Nani amekuambia?"

"Wanafunzi wenyewe. Niliwauliza, 'Hamna vitabu?' Wakajibu, 'Ndiyo.'"

Nje upepo ulisukuma mlango wa bati, ukauacha.

"Rudia, Bwana," alisema Mzee Hersi. "Polepole, mimi ni mtu wa mbuzi. Uliwauliza nini?"

"Niliwauliza, 'Hamna vitabu?'"

"Wakasema?"

"Wakasema, 'Ndiyo.'"

"Ndiyo, hawana."

"Ndiyo, Mwenyekiti, maana yake wa..." Na hapo ulimi wa Bwana Ntongai ukakwama kama ukwato wa ndama katika matope. Kwa Kiingereza alikuwa ameandika kurasa nzima bila kusita. Kwa Kiswahili hakuweza kumaliza sentensi moja.

"Wa nini? Malizia."

Bwana Ntongai aligeuza ukurasa.

"Na huyu mwalimu? Huko uliwauliza vipi?"

"Niliwauliza..." Alitazama karatasi yake kana kwamba itamwonea huruma. "'Hakuwafundisha?'"

"Wakasema?"

"Hapana."

"Wakasema hapana! Wamekukatalia, Bwana! Darasa zima limekukatalia, na msichana mmoja amekukatalia hadi ukaandika ukali wake, nawe umekuja hapa kutuambia wamekubali?"

"Lakini kwa Kiingereza, Mwenyekiti..."

"Kiingereza walikuwa wakiongea na nani? Na Malkia? Si walikuwa wakiongea na wewe, mwana wa hapa Meru? Mama yako akikuuliza, 'Hujala?', wewe unamjibu nini?"

Kiugu alipatwa na kikohozi kikali, ikabidi atoke nje. Halkano aliangalia sakafu, akahesabu vumbi la mbao. Bwana Ntongai, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye Land Rover, alikuwa na sura ya mtu aliyezaliwa na mama.

Halkano hakumsukuma zaidi. Alisema tu, "Bwana Mkaguzi, lori liko uani. Wape amri kwa Kiingereza, ngumu utakavyo, utazame mikono."

Mkaguzi akaenda, angekataaje mbele ya Mzee Hersi? Alisimama juani na soksi zake, akatoa amri kwa Kiingereza cha puani. Yattani, kijana wa Gotu ambaye darasani hakufungua mdomo isipokuwa kuitikia na wenzake, alilala chini ya lori, akalegeza alizoambiwa alegeze na kuacha alizoambiwa aache. Bwana Ntongai alijaribu kumnasa. Alimwambia asikaze isipokuwa ile ya kushoto. Kijana akakaza ile ya kushoto, akatoka, akajipangusa mikono kwenye suruali. Gatakaa naye alipewa kitambaa na amri ndefu yenye vikwazo vitatu. Alikata mahali pake, kisha akamtazama mkaguzi kwa jicho ambalo halikuhitaji lugha yoyote.

Bwana Ntongai alichukua kalamu, akafuta mistari miwili katika nakala yake, akaandika juu yake. Bodi ikamwacha Halkano kazini, na Mzee Hersi akaamuru iandikwe kwamba mwana wa Jillo amefundisha. Mkuu wa chuo alimpongeza Halkano kwa sauti kubwa baada ya kuhakikisha kwamba Land Rover imeondoka.

Lakini ile nakala nyingine ilikuwa imekwisha kwenda na posta, na huko juu karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki kwa ajili ya ukweli. Kwa sababu ilisema chuo kina vitabu vya kutosha, hakikuletewa kitabu hata kimoja hadi miaka ya themanini ilipokuwa imezeeka. Kwa sababu ilisema Halkano hafundishi, hakupandishwa cheo hadi alipostaafu. Bwana Ntongai yeye alipandishwa, akapewa meza kubwa zaidi, mbali na vumbi. Madina hakuwahi kumtaja tena. Kiugu alimtaja kila alipoona ini.

Halkano aliendelea kulala chini ya lori. Tofauti ilikuwa moja: kila mwaka mpya, kabla ya nati na kabla ya spana, aliwasimamisha wanafunzi wapya uani na kuwauliza kwa Kiingereza, "Hamjanisikia?" Walipoitikia no kwa adabu, wakimaanisha kwamba wamemsikia, alirudia kwa kupaza sauti kama anayesema na viziwi, akaanza nao hapo. Msijibu mtu, aliwaambia. Jibuni jambo. Kwa Kiswahili mkirudi nyumbani mjibuni mtu kama mlivyolelewa, lakini kwenye mtihani jibuni jambo. Mafundi wake walikwenda Nairobi na Mombasa, na hakuna mkaguzi aliyewanasa tena kwa swali hilo.

Wale wa dirishani walikuwa wamekwisha kuondoka kabla Mzee Hersi hajafungua mdomo. Walichobeba ni "No, sa", na hicho ndicho walichokula mwaka hadi mwaka.

Siku moja mwaka 1988, muda mfupi baada ya kustaafu, Halkano alikuwa akipita mbele ya gereji karibu na soko. Kijana mmoja aliyeegemea ukuta, ambaye babake alikuwa mmoja wa wale wa dirishani, alimwita mbele ya wenzake.

"Mwalimu No Sa! Salaam aleikum. Eti miaka yote ile hukufundisha kitu?"

Halkano alisimama, akaitikia salamu kwa ukamilifu, kisha akamtazama kijana kwa utulivu.

"Hapana, kijana wangu," alisema, akaendelea na njia yake.

Kijana, akiisikia hapana hiyo kama no ya Kiingereza, akacheka sana, akawageukia wenzake awaonyeshe jinsi mzee alivyokiri. Chini ya lori lililokuwa gerejini, Yattani, sasa fundi wa gereji hiyo, naye alicheka hadi spana ikamdondoka kifuani. Lakini hawakuwa wakicheka jambo moja.